Unga Safi Huanzia Shambani

Wakulima wenzangu, nataka kusema nanyi juu ya gugu moja ambalo wengi wetu hulipita kila siku bila kulijali. Limesimama kando ya boma la ng'ombe, kwenye jalala, pembeni mwa njia, na katikati ya mistari ya mahindi. Majani yake ni mapana yenye meno, na ukiyafikicha hutoa harufu mbaya. Ua lake ni refu na jeupe, mfano wa tarumbeta. Mara nyingine lina rangi ya zambarau. Tunda lake ni kama yai dogo lililojaa miiba. Likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mbegu nyeusi. Kila kabila lina jina lake kwa gugu hili. Wataalamu huliita datura, nami nitatumia jina hilo ili tuelewane sote.

Nasema juu yake kwa sababu mbegu zake zikisagwa pamoja na nafaka, unga huwa na sumu. Hii si hadithi ya kutishia watoto. Watu wamekufa kwa jambo hili karibu sana na mpaka wetu, nao hawakufanya kosa lolote ila kunywa uji waliopewa.

YALIYOTOKEA KARAMOJA

Mwezi wa Machi mwaka 2019, katika wilaya za Amudat na Napak huko Karamoja, nchini Uganda, watu walianza kuugua kwa ghafula. Amudat imepakana na Kaunti yetu ya Pokot Magharibi, na Wapokot wako pande zote mbili za mpaka. Wakati ule Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likigawa unga wa lishe, mchanganyiko wa mahindi na soya, kwa akina mama wajawazito, wanaonyonyesha, na watoto wadogo waliodhoofika kwa njaa. Akina mama walipika uji kama siku zote. Baada ya kuunywa, watu wakaanza kutapika, kuona kizunguzungu na kuchanganyikiwa akili. Karibu watu 300 waliugua, na 5 wakafa.

Ugawaji wa unga ule ulisimamishwa, na uliobaki ukazuiwa katika maghala. Sampuli zilipelekwa maabara, na wachunguzi walipima mambo mengi kabla ya kufika penyewe. Mwishowe waliona atropini na skopolamini kwa wingi. Hizo ndizo sumu zinazopatikana katika datura. Mwaka 2020 wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, yaani FAO na WHO, walikutana kulichunguza jambo hilo hilo la sumu za datura na mimea ya jamaa yake.

Sasa nawaomba mfikiri kidogo. Unga ule haukusagwa kwa mawe nyuma ya nyumba ya mtu. Ulitoka ng'ambo, ukatengenezwa kiwandani kwa mashine, ukafungwa vizuri katika mifuko, ukapita katika mikono ya watu wenye elimu. Hata hivyo sumu ilipita. Ilipitaje? Ilipita kwa sababu mahali fulani, katika shamba la mtu ambaye mimi na wewe hatutamjua kamwe, datura iliachwa ikazaa mbegu, na mbegu zikavunwa pamoja na mazao. Tangu hapo kila mtu alidhani mwenzake amekwisha kuangalia.

Ndiyo maana nasema, usalama wa unga hauanzii kiwandani wala jikoni. Huanzia shambani, katika mkono ulioshika jembe.

SI MARA YA KWANZA

Wako watakaosema kuwa ajali hutokea mara moja tu. Sivyo. Mwaka 1991 daktari mmoja aliandika habari za watu wengi waliofikishwa katika hospitali ya serikali ya Usangi, katika milima ya Upare huko Tanzania, kwa sababu ya chakula chenye datura. Usangi si mbali na Taveta. Milima ni ile ile tunayoiona tukiwa upande wetu.

Tena datura si gugu pekee lenye hila hii. Katika miaka ya 1974 mpaka 1976, huko Gulran katika Afghanistan, ukame ulikausha ngano mashambani, lakini gugu moja la jamii ya heliotropi halikukauka. Likavunwa pamoja na ile ngano kidogo iliyobaki, likasagwa, likaliwa katika mikate. Sumu yake haiui siku ile ile. Huharibu ini polepole, tumbo hujaa maji, mtu hukonda, hufa. Waganga walipima watu zaidi ya 7,000, na zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa na ini lililodhurika. Mwaka 2008 maradhi hayo yalirudi mahali pale pale. Jirani zetu wa Ethiopia nao, katika jimbo la Tigray, walipata ugonjwa wa ini katika vijiji tangu mwaka 2001, na uchunguzi ukaelekeza kwenye mbegu za gugu lililochanganyika na nafaka. Gugu hilo, liitwalo ageratamu, lina vishada vidogo vya maua ya samawati au meupe, na sisi huku Kenya twaliona kila msimu wa mvua.

Kanuni za chakula za mataifa, ziitwazo Codex, zilipoweka kiwango cha mahindi mwaka 1985, zilitaja kwa majina mbegu ambazo hazifai kuwamo kwa kadiri ya kumdhuru mlaji. Miongoni mwazo ni mbegu za krotalaria, mbegu za mbarika, na mbegu za datura. Kwa hiyo jambo hili limejulikana na wakubwa wa chakula kwa miaka mingi. Kilichobaki ni kulifikisha kwetu tulio na majembe, nasi tulifanyie kazi.

USIICHANGANYE NA SUMU YA KUVU

Wakulima wengi wa Kenya wakisikia sumu katika mahindi hufikiri kuvu mara moja. Hawana makosa. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Tangu wakati huo tumefundishwa kukausha mahindi barabara, kuyaanika juu ya turubai wala si juu ya udongo, na kuyaweka ghalani yakiwa makavu. Mafundisho hayo ni mema, na asiyeyafuata anaitafutia hatari jamaa yake.

Lakini sikilizeni vizuri. Kukausha hakuondoi sumu ya datura. Mbegu ya datura iliyokauka ni sumu kama ilivyokuwa mbichi. Dawa ya kuzuia wadudu ghalani haiigusi. Wala jiko halitatuokoa: sumu hii haiishi kwa kuchemka kwa uji au kusongwa kwa ugali. Mtu aweza kuwa mkulima hodari, mahindi yake makavu yakilia kama kokoto, na bado akampelekea mwenzake sumu.

Wala msidhani inahitaji mbegu nyingi. Imepimwa kwamba mbegu 100 za datura zaweza kubeba mpaka miligramu 6 za atropini. Daktari anapompa mtu mzima atropini hospitalini, kipimo cha kawaida ni kama nusu miligramu mpaka miligramu moja. Maana atropini ni dawa pia. Ndiyo hutumiwa kumwokoa mkulima aliyedhurika kwa aina fulani za dawa za kunyunyizia wadudu. Mkononi mwa daktari aliyepima, huokoa. Ndani ya uji ambao hakuna aliyepima, huua. Mtoto mdogo hudhurika kwa kadiri ndogo kuliko mtu mzima, na uji ndio chakula cha mtoto.

Nchi za Ulaya zilipoweka kikomo mwaka 2016 kwa vyakula vya watoto wachanga vyenye mtama na ulezi, ziliruhusu mikrogramu moja tu ya atropini katika kilo moja, na kiasi hicho hicho cha skopolamini. Hesabu hiyo ni sawa na gramu moja katika magunia zaidi ya 11,000 ya kilo 90. Basi mjue jinsi wenzetu wanavyoiogopa.

"BABU ZETU HAWAKUFA"

Nilipozungumza na wazee wenzangu juu ya habari hii, mmoja alinijibu: "Gugu hili lilikuwako tangu sisi ni watoto. Babu zetu waliliona, wakala ugali wao, hawakufa." Neno lake lina heshima, na lafaa kujibiwa kwa heshima.

Babu zetu walivuna kwa mkono. Mama alikata suke moja moja la mtama au wimbi, akaacha gugu limesimama. Alipura, akapepeta kwa ungo, akachagua, tena jicho lake lilikuwa kali kuliko mashine yoyote. Nafaka ilitoka shamba moja ikaliwa na nyumba moja. Kama kosa lilikuwako, liliumiza wachache, na huenda halikujulikana sababu yake.

Siku hizi mambo ni mengine. Mimi nalima mahindi na soya kidogo katika Trans Nzoia. Soya hung'olewa au kukatwa pamoja, hulundikwa, hupigwa. Tunda la datura lililo katikati ya lundo hupasuka pamoja na maganda ya soya. Ngano huvunwa kwa mashine kubwa inayokata kila kilichosimama. Mahindi hukatwa na kusimamishwa matita, na datura iliyokauka husimama ndani ya tita hilo hilo. Halafu huja mashine ya kupukuchua iliyotoka shamba la jirani, haikufagiliwa, nayo hutuletea mbegu za kwake. Mwisho dalali huchanganya magunia ya wakulima ishirini katika lori moja. Hapo kosa la mtu mmoja laweza kuingia katika bakuli la shule nzima.

Zaidi ya hayo, sasa wengi wetu twanunua unga badala ya nafaka. Nafaka ina macho. Ukiitandaza waweza kuona kilichomo. Unga hauna macho. Mbegu nyeusi ikishasagwa, hakuna mama, hata awe hodari namna gani, atakayeitambua.

KAZI IPASAYO KUFANYWA

Jambo la kwanza ni kung'oa datura kabla haijafunga matunda. Najua twapalilia mara mbili, mahindi yakiwa madogo. Lakini datura huota hata baada ya palizi ya pili, chini ya kivuli cha mahindi, nasi hatuingii tena shambani mpaka mavuno. Kwa hiyo nashauri mzunguko wa tatu. Si palizi nzima ya kulipa vibarua. Ni mtu mmoja kutembea kati ya mistari, wakati mahindi yametoa mbelewele, na kung'oa kila datura aionayo. Ni gugu refu, lenye maua makubwa meupe, halijifichi. Kwa eka moja ni kazi ya asubuhi, kabla ya chai ya saa nne.

Ukiacha mmea mmoja tu, utajuta muda mrefu. Mmea mmoja uliostawi huzaa maelfu ya mbegu. Huko Marekani wataalamu walizika mbegu za namna nyingi udongoni mwaka 1902, wakazifukua baada ya miaka 39. Katika mbegu za datura, karibu tisa katika kila kumi ziliota. Basi mbegu unazoziacha zianguke mwaka huu, mwanao atazipalilia akiwa na mvi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo la pili, jua namna ya kuliharibu. Vaa glavu au funga mikono kwa mfuko, na usijipanguse macho, maana utomvu wake huweza kutanua mboni na kukutia giza machoni. Kama matunda yamekwisha kufunga, yakate uyatie ndani ya gunia, uyakaushe mbali na watoto, kisha uyachome mahali pa wazi, nawe usimame upande unakotoka upepo. Usiyatupe katika shimo la mbolea. Usiwakatie ng'ombe majani yenye datura, wala usiyasage pamoja na mahindi ya kutengeneza saileji, kwani mifugo nayo hudhurika. Na watoto wasitumwe kazi hii, wala wasiachwe kuchezea matunda yale yenye miiba.

Jambo la tatu, safisha mashine kabla haijaanza kazi kwako. Usimwonee haya mwenye mashine. Mwambie aizungushe tupu, aifagie ndani na nje, ndipo muanze. Anayechelea kumkera mwenye mashine atakerwa na mbegu za jirani.

Jambo la nne ni chekeche. Mbegu ya datura ni bapa, ina umbo la figo, na upana wake ni kama milimita 3. Punje ya mahindi ni kubwa zaidi ya mara mbili, na soya pia ni kubwa kuliko datura. Kwa hiyo chekeche yenye matundu ya milimita 4 hubakiza mahindi na soya juu, na datura huanguka chini pamoja na vumbi. Kwa wimbi ni kinyume: tumia chekeche ndogo, wimbi ianguke, datura ibaki juu. Kwa mtama kazi ni ngumu, kwa kuwa punje yake inakaribiana sana na datura. Mkulima wa mtama hana budi kutegemea zaidi jembe na jicho. Na takataka zilizochekechwa usiwatupie kuku. Zichome.

GUNIA SAFI NA GUNIA CHAFU

Sasa nafika kwenye neno ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Msimu mmoja mimi na mke wangu tulichekecha mahindi yetu yote, magunia 34. Tuliifanya kazi hiyo siku tatu, jua likituchoma migongo. Tulitoa mawe, vipande vya magunzi, na mbegu za magugu zilizojaa karibu nusu debe, na ndani yake datura nilizihesabu mwenyewe mpaka nikachoka. Mnunuzi alipokuja, alichoma gunia kwa ncha ya chuma, akatazama kiganjani, akasema ni kavu. Akalipa. Gunia la jirani yangu, ambaye hakuchekecha hata debe moja, lilipata bei ile ile shilingi kwa shilingi. Jirani alinicheka, tena hakunicheka kwa ubaya. Aliniuliza, "Zile siku tatu, nani amekulipa?" Sikuwa na jibu.

Mimi nasema, mnunuzi anayelipa bei moja kwa gunia safi na gunia chafu anatufundisha uchafu. Mwaka unaofuata, ni wangapi watachekecha? Twapenda kusema mkulima ni mvivu. Mkulima si mvivu. Mkulima ni mtu wa hesabu. Ukimwonyesha kuwa kazi ina malipo, ataifanya kabla jua halijatoka.

Wanunuzi watasema kuwa wakiongeza bei watapata hasara. Nami nawajibu kwa Karamoja. Ni nani aliyepata faida katika unga ule? Akiba ilizuiwa ghalani, ugawaji ulisimama, watu wenye njaa wakakosa chakula walichokuwa wakikitegemea, na watu 5 wako kaburini. Shilingi chache zilizolipwa mapema kwa gunia safi ni ndogo kuliko gharama hiyo.

Basi maoni yangu ni haya. Vyama vya ushirika vya wakulima, na kila mwenye ghala la kununulia nafaka, waweke chekeche mlangoni mwa ghala. Gunia lichekechwe mbele ya mwenyewe. Kama ni safi, apate nyongeza. Kama lina uchafu, uchafu upimwe na apunguziwe. Kama lina mbegu za datura, lisiingie kabisa mpaka lisafishwe, hata kama mwenye gunia ni mwenyekiti wa chama. Sheria ikiwahurumia wakubwa haiwezi kuwafunza wadogo.

Wenye viwanda nao wasikae wakingoja maabara. Maabara ni nzuri, lakini hupima kijiko kimoja kutoka katika lori zima, na mbegu za datura hazikujigawa sawasawa ndani ya lori. Kijiko chaweza kuwa safi na gunia la pili likawa na sumu. Mashine za kuchagua mbegu kwa ukubwa na kwa rangi zipo. Zitumiwe kabla ya kusaga, wala si baada ya watu kulia.

Na serikali? Tangu mwaka 2013 kazi ya kuwashauri wakulima iko mikononi mwa serikali za kaunti, na afisa wa kilimo mmoja ana wakulima wengi mno wa kuwafikia. Siwalaumu maafisa, nawaonea huruma. Lakini nashauri jambo moja lisilo na gharama kubwa. Kila afisa aende barazani na chupa ndogo iliyofungwa barabara, ndani yake zikiwamo mbegu za datura, na picha ya mmea wenyewe. Watu waione kwa macho. Nimehudhuria mikutano mingi iliyojaa maneno, nikasahau maneno yote. Lakini kitu nilichokiona kwa macho sijakisahau.

Kwa walimu na wazazi wa shule nina ombi pia. Mkinunua chakula cha uji wa watoto, nunueni nafaka nzima ikiwezekana, muitandaze, muitazame, muichague, kisha mpeleke wenyewe kwenye kinu. Kamati ya shule inayokubali unga usiojulikana umetoka wapi, kwa sababu ni rahisi kwa shilingi mbili, haijawatendea haki watoto.

DALILI ZA SUMU HII

Kila mtu azijue dalili hizi, kwani huanza upesi, mara nyingi kabla ya saa chache kupita baada ya kula. Mdomo hukauka, na mtu hutaka maji sana. Mboni za macho hutanuka, naye haoni vizuri. Ngozi huwa kavu yenye joto na wekundu. Moyo hupiga mbio. Mkojo hukataa kutoka. Mtu huchanganyikiwa, husema maneno yasiyo na maana, huona vitu visivyokuwapo, na huweza kupigana na watu. Ikizidi, hulala usingizi mzito asiamke.

Tafadhali msiseme amerogwa, wala amelewa. Wakiugua hivyo watu wawili watatu waliokula chungu kimoja, acheni chakula kile mara moja na muwapeleke hospitali bila kuchelewa. Msimlazimishe mgonjwa kutapika, wala msimpe dawa za kubahatisha. Chukueni unga uliobaki na nafaka iliyobaki, mkampe daktari. Kiganja kimoja cha nafaka chaweza kumwonyesha daktari katika dakika moja jambo ambalo angelitafuta siku nzima.

NENO LA MWISHO

Sisemi haya ili watu waogope ugali. Ugali ni chakula chetu, na nafaka ya Kenya imelea watu hodari. Wala sisemi kila gunia lina sumu. Nasema kuwa sumu hii, tofauti na nyingine nyingi, mkulima aweza kuizuia kwa mkono wake mwenyewe, bila mkopo, bila dawa ya kununua, bila kungoja mtu. Tena aweza kuizuia miezi kadhaa kabla haijawa sumu ya mtu yeyote, wakati ingali ua jeupe linalochanua kati ya mahindi.

Mama wa Amudat aliyepokea ule mfuko wa unga hakuwa na njia yoyote ya kujua. Hakuwa na maabara wala chekeche, na kilichosagwa hakichekecheki. Alimwamini mtu wa ghala, naye alimwamini mtu wa kiwanda, naye alimwamini mkulima. Mkulima ndiye wa kwanza katika mstari huo, na ndiye pekee aliyeweza kuliona gugu likiwa gugu.

Msimu huu, mahindi yakitoa mbelewele, mimi nitatembea shambani kwangu mstari kwa mstari. Jirani yangu yule aliyenicheka ameniahidi kuwa atafanya vivyo hivyo kwake. Bei bado ni ile ile kwetu sote wawili. Lakini wajukuu zake na wangu hunywa uji katika shule moja.